Kipande kilichokosekana kwenye kromosomu ya 22: uchambuzi wa kisa cha kijana mwenye skizofrenia

Majina, mahali na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mhusika yameondolewa au kubadilishwa. Mgonjwa tutamwita K.

## Kwa nini kisa hiki

K. ana skizofrenia. Utambuzi huo ulikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na haujabadilika hadi leo. Tatizo ni kwamba ulipopatikana, kila mtu aliacha kutafuta. Kwa miaka kadhaa alitibiwa kama kijana mwenye ugonjwa wa akili ambaye pia, kwa bahati mbaya, alizaliwa na moyo wenye tundu. Ilibidi aanguke kifafa ndipo mtu mmoja afungue faili la utotoni na kuona kwamba mambo hayo mawili yana shina moja.

Kisa hiki kinafaa kusomwa na yeyote anayewahudumia watu wenye skizofrenia, na pia na familia zinazouliza swali ambalo sisi wahudumu hulijibu kwa haraka mno: huu ugonjwa umetoka wapi?

## Historia

K. ni mtoto wa pili kati ya watatu. Mimba na uzazi vilikwenda salama. Alipokuwa ananyonya, maziwa yalimtokea puani. Daktari wa watoto alimkuta na tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, akafanyiwa upasuaji kabla hajatimiza mwaka. Alichelewa kusema, na alipoanza kusema sauti ilipitia puani kiasi kwamba asiyemzoea alimwelewa kwa shida. Masikio yalimuuma mara kwa mara. Shuleni alisoma na kuandika bila taabu kubwa, lakini hesabu zilimshinda.

Kila tatizo lilipata mtaalamu wake. Wa moyo aliandika barua ya moyo, wa masikio akaandika ya masikio, na shule ikaandika ya shule. Ndani ya faili kulikuwa pia na majibu ya kipimo cha kromosomu kilichofanywa akiwa mchanga: kromosomu 46, hali ya kawaida. Karatasi hiyo moja ilimtuliza kila aliyeisoma baadaye.

Upande wa ukoo, familia iliulizwa kama kuna mwenye ugonjwa wa akili, ikajibu hapana. Hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo. Mama yake K. naye huongea kwa sauti inayopita puani kidogo, na tangu ujana husumbuliwa na ganzi ya vidole na misuli kukaza. Alizoea kuambiwa ni uchovu.

## Mtiririko wa matukio

Dalili za akili hazikuanza na sauti. Kuanzia miaka 13 hivi alama za K. zilishuka, hata katika masomo aliyokuwa akiyaweza. Maneno yalipungua. Aliacha kutoka na wenzake, akawa mwenye hofu, hasa mahali penye watu wengi. Nyumbani walisema ni ujana. Shuleni walisema ni uvivu.

Akiwa na miaka 19 alianza kusikia watu wawili wakijadili kila anachofanya. Baada ya wiki chache aliamini kwamba mazungumzo yale yanarushwa kupitia simu za watu anaopishana nao njiani. Alilazwa na kuanzishiwa risperidoni. Sauti zilipungua kidogo, lakini mwili ulikakamaa na mikono ikatetemeka. Akahamishiwa olanzapini kwa dozi na muda wa kutosha. Uzito ukapanda, sauti zikabaki. Dawa mbili zikiwa zimeshindwa, timu iliamua kuanza klozapini. Uamuzi huo ulikuwa wa haki kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo dawa yenye ushahidi mzito zaidi kwa mgonjwa wa namna hii.

Dozi ilipandishwa kwa kasi inayotumika kwa wagonjwa wengi. Katika wiki ya tatu K. alisema kwa mara ya kwanza kwamba zile sauti "zimesogea mbali". Siku chache baadaye alianguka chumbani, akatetemeka mwili mzima, akapoteza fahamu.

Klozapini inajulikana kushusha kizingiti cha kifafa, na hatari hupanda kadiri dozi inavyopanda. Kwa hiyo maelezo yalikuwa tayari mdomoni mwa kila mtu. Daktari wa zamu hakuridhika nayo. Aliagiza damu ipimwe madini yote, si sukari na chumvi za kawaida tu. Kalsiamu ilikuwa chini sana, na homoni ya tezi za parathairoidi, tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu, ilikuwa chini pia, wakati ilipaswa kupanda ili kuivuta kalsiamu juu. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha moyo unachelewa kujipanga upya baada ya kila pigo, jambo ambalo upungufu wa kalsiamu hulileta, na baadhi ya dawa za saikosisi, yaani hali ya kusikia au kuamini yasiyo ya kweli, huliongeza.

Kalsiamu iliyoshuka kwa sababu ya tezi, upasuaji wa moyo utotoni, sauti ya puani, shida ya kujifunza, kisha skizofrenia. Kwa aliyewahi kukutana nayo, orodha hiyo inasema yenyewe. Kipimo cha mikroarei ya kromosomu, kinachogundua vipande vidogo vya DNA vilivyopungua au kuzidi, kiliagizwa, na majibu yakaonyesha upungufu wa kipande katika eneo la 22q11.2: takriban jozi milioni 3 za herufi za DNA hazipo kwenye nakala moja ya kromosomu ya 22.

Lakini si alishapimwa utotoni? Alipimwa, na jibu lile halikuwa la uongo. Kipimo cha zamani hutazama kromosomu kwa darubini, na kipande kidogo kiasi hiki huwa chini ya uwezo wa jicho lake. "Kawaida" ilimaanisha kawaida kwa kile kinachoonekana. Faili halikusema hivyo.

## Hali yenyewe ni ipi

Upungufu wa 22q11.2 hupatikana kwa mtoto 1 kati ya takriban 2000 hadi 4000. Eneo hili limezungukwa na vipande vya DNA vinavyofanana mno, na wakati yai au mbegu inapotengenezwa kromosomu hujipanga vibaya, zikakatana mahali pasipo pake. Ndiyo maana kosa lilelile hujirudia kwa watu wasio na undugu wowote. Karibu visa 9 kati ya 10 ni vipya, havikutoka kwa mzazi. Kilichobaki hurithiwa.

Mwaka 1965 daktari Angelo DiGeorge alieleza watoto waliozaliwa bila tezi ya thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani, na wenye tezi dhaifu za parathairoidi. Mwaka 1978 Robert Shprintzen akaeleza kundi la watoto wenye matatizo ya kaakaa, moyo na kujifunza. Baadaye sana ikabainika kwamba wengi wao walikuwa na kosa moja la kromosomu. Lakini kila kundi lilikuwa limeshapewa jina lake la ugonjwa, na mgawanyiko huo wa majina umeendelea hadi kwenye mafaili yetu.

Kwa upande wa akili, takriban mtu 1 kati ya 4 wenye upungufu huu hupata skizofrenia au saikosisi inayofanana nayo, ilhali kwa watu wote kwa jumla uwezekano huo haufiki au haupiti sana asilimia 1. Ukigeuza swali, chini ya mtu 1 kati ya 100 wenye skizofrenia ana upungufu huu. Ni wachache, lakini kila kliniki kubwa ya magonjwa ya akili inao, iwe inajua au haijui.

## Maamuzi

Klozapini. Njia zilikuwa tatu: kuiacha, kurudi kwenye dawa zilizoshindwa, au kuendelea nayo kwa namna nyingine. Waliotaka iachwe walikuwa na hoja nzito: watu wenye upungufu wa 22q11.2 hupata kifafa kwa urahisi zaidi wakiwa kwenye klozapini, na madhara mengine mazito ya dawa hii, kama kuvimba misuli ya moyo na kushuka kwa chembe nyeupe za damu, hayapaswi kupuuzwa kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa moyo. Waliotaka iendelee walikuwa na hoja moja tu: imefanya kazi. Na chanzo kimoja cha kifafa kinatibika.

Timu ilichagua kuendelea. Dozi ilishushwa sana, kisha ikapandishwa pole pole kwa muda wa miezi, ikilengwa dozi ndogo kuliko inayozoeleka. Kalsiamu ilirekebishwa kwanza kwa vidonge vya kalsiamu na vitamini D iliyo tayari kutumika, kwa tahadhari kwa sababu ikizidi huumiza figo. Valproati iliongezwa kuzuia kifafa. Dawa hiyo nayo inaweza kugusa chembe za damu, na ikiwa pamoja na klozapini moyo huhitaji jicho la karibu zaidi, kwa hiyo ratiba ya vipimo vya damu na moyo ilikazwa badala ya kulegezwa.

Namna ya kumwambia. K. aliambiwa yeye mwenyewe kwanza, katika vikao vifupi, kwa mchoro. Swali lake la kwanza lilikuwa kama sauti anazozisikia ziko ndani ya kile kipande kilichokosekana. Aliambiwa hapana: kipande hakibebi sauti, kinabadilisha namna ubongo ulivyojengwa na unavyochuja kilicho cha ndani na cha nje.

Kuwapima wazazi. Hapa timu ilijadiliana sana. Majibu yangeweza kumwangukia mzazi mmoja kama hukumu. Mama aliomba apimwe, akitaja ganzi zake za vidole. Aliitwa peke yake kupokea majibu, kabla ya kikao cha familia. Upungufu uleule ulikuwepo.

"Kwa hiyo ni mimi niliyempa, daktari?"

"Mama, kipande kimetoka kwako, ndiyo. Ila nawe unacho maisha yako yote, na hujawahi kusikia sauti hata siku moja. Kipande peke yake hakitoshi kuleta ugonjwa huu."

Jibu hilo ni zuri kwa sababu ni la kweli, si kwa sababu linafariji. Katikati ya karne ya 20 kulikuwa na wataalamu waliofundisha kwamba skizofrenia hutokana na mama asiye na upendo. Tukiiondoa lawama kwenye malezi na kuihamishia kwenye damu bila kueleza zaidi, tumembadilishia mama mzigo tu.

Ndugu. Dada mkubwa, aliyekuwa akifikiria kupata mtoto, alitaka kujua. Kwa mtoto wa mzazi mwenye upungufu uwezekano ni nusu kwa nusu. Alipimwa, hana. Mdogo wa K., aliyekuwa bado sekondari na mwenye afya, alisema hataki kujua. Tutarudi kwake.

## Ndani ya seli

Kipande kilichokosekana kina jeni zipatazo 40 hadi 50 zinazotengeneza protini. Kwa kuwa nakala ya pili ipo, seli haikosi protini hizo kabisa, inazipata pungufu. Wakati wa kujengwa mwili hiyo inatosha kuleta madhara. Jeni iitwayo TBX1 inahusika zaidi na moyo na tezi za shingoni, na upungufu wake unaeleza tundu la moyo na kalsiamu ya K. kuliko unavyoeleza sauti.

Kwa ubongo wanaoshukiwa ni wengine. COMT hutengeneza kimeng'enya kinachovunja dopamini, moja ya kemikali zinazopeleka ujumbe kwenye ubongo, hasa sehemu ya mbele ya ubongo. PRODH hushughulikia prolini, kemikali inayogusa njia za glutamati, kemikali nyingine ya kupeleka ujumbe. Kwa muda mrefu COMT ilionekana kama mkosaji aliyekamatwa na kidhibiti mkononi, lakini haikuweza kubeba kesi nzima peke yake. DGCR8 inavutia zaidi. Protini yake husaidia kukata vipande vidogo vya RNA, molekuli ya jamii ya DNA, ambavyo kazi yake ni kupunguza au kuachilia utendaji wa jeni nyingine nyingi. Ukipunguza msimamizi huyu, athari hutawanyika hadi kwenye jeni zilizo kwenye kromosomu nyingine kabisa.

Watafiti wamechukua seli za watu wenye upungufu huu, wakazirudisha kwenye hali ya seli shina, yaani seli ambayo inaweza kukua kuwa ya aina yoyote, kisha wakazikuza kuwa seli za neva za gamba la ubongo. Katika utafiti uliochapishwa 2020, seli hizo zilionyesha kasoro katika msisimko wa umeme na katika mwenendo wa kalsiamu ndani ya seli, na kurudisha DGCR8 kulirekebisha sehemu ya kasoro hizo. Hapa msomaji awe makini. Kalsiamu ya ndani ya seli ya neva, inayoingia na kutoka kwa sehemu ndogo za sekunde kupeleka ujumbe, si ile iliyopimwa kwenye damu ya K. Kurekebisha ya damu kulisaidia kuzuia kifafa na kutuliza moyo. Hakukurekebisha seli zake za neva, na familia ilihitaji kuelezwa hivyo waziwazi ili wasije wakaona vidonge vya kalsiamu kama dawa ya skizofrenia.

Na kwa wale zaidi ya 99 kati ya 100 wenye skizofrenia bila upungufu huu? Kwao hakuna kipande kimoja cha kunyooshea kidole. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022, uliolinganisha watu zaidi ya 76,000 wenye skizofrenia na zaidi ya 243,000 wasio nayo, ulikuta maeneo 287 ya DNA, kila moja likiongeza hatari kwa kiasi kidogo mno. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulitaja jeni 10 ambazo mabadiliko yake adimu huongeza hatari kwa kiasi kikubwa, ikiwemo GRIN2A, inayotengeneza sehemu ya kipokezi cha glutamati. Njia hizi zote zinaelekea kwenye seli za neva na sinapsi, yaani maungio ambapo seli moja huipa nyingine ujumbe.

Ubongo wa mtoto huwa na sinapsi nyingi kupita kiasi, na katika ujana nyingi hupunguzwa. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba aina fulani za jeni ya C4, iliyo kwenye kromosomu ya 6 na inayojulikana zaidi kwa kazi ya kinga, huongeza hatari ya skizofrenia, na kwamba kwa panya C4 hushiriki kuziwekea alama sinapsi za kuondolewa. Seli za maikroglia, ambazo ni seli za kinga za ubongo, ndizo huzimeza. Kwenye ubongo wa watu waliofariki wakiwa na skizofrenia, vijitawi vya seli za neva katika baadhi ya tabaka za gamba vimekutwa na vichipukizi vichache vya kupokelea ujumbe. Ukiunganisha hayo na ukweli kwamba ugonjwa hujitokeza mwishoni mwa ujana, picha inashawishi. Mimi huiita dhana yenye nguvu. Bado hakuna aliyefuata mnyororo wote, kutoka herufi ya DNA hadi sauti inayosemwa sikioni mwa mtu mmoja.

Picha hiyo ndiyo inayomjibu mama yake K. vizuri zaidi. Utafiti mwingine wa 2020 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wenye upungufu wa 22q11.2, waliopata skizofrenia walikuwa pia na mzigo mkubwa zaidi wa yale mabadiliko madogo ya kawaida yaliyotawanyika kwenye DNA nzima. Kipande husogeza mtu karibu na ukingo. Urithi uliobaki, kutoka kwa baba na mama, pamoja na mengine ya maisha, huamua zaidi. Hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja akiwa na skizofrenia mwenzake huipata kwa kiasi kisichozidi nusu ya visa.

## Matokeo

K. hajaanguka tena tangu kalsiamu iliporekebishwa. Yuko kwenye dozi ndogo ya klozapini. Sauti hazijaisha, huja jioni, anazijua, hazimwamrishi. Amejifunza kazi ya mikono na huifanya nusu siku. Uvivu uliolaumiwa ujanani, yaani kukosa msukumo na maneno machache, haujabadilika sana, na hilo ni la kawaida kwa dawa tulizonazo, ambazo nyingi hufanya kazi kwa kuzuia dopamini.

Mama alipimwa kalsiamu. Ilikuwa chini. Ganzi aliyoishi nayo tangu ujana ilianza kupungua ndani ya siku chache za matibabu.

## Uchambuzi

Kilichookoa kisa hiki ni tabia ya mtu mmoja kutoridhika na maelezo yaliyokuwa karibu. "Ni klozapini" lilikuwa jibu sahihi lisilokamilika, na majibu ya aina hiyo ni hatari kuliko makosa ya wazi kwa sababu hayaachi sababu ya kuendelea kuuliza.

Kubaki na klozapini kulikuwa uamuzi mzuri, lakini tusijidanganye kwamba matokeo yanauthibitisha. Kama angepata uvimbe wa misuli ya moyo, uamuzi uleule ungeonekana wa kizembe. Ubora wake uko kwenye masharti yaliyouzunguka: kalsiamu kwanza, dozi baadaye, moyo na damu chini ya uangalizi wakati wote.

Yaliyoshindwa ni mengi na mengi yake ni madogo. Kalsiamu haikuwahi kupimwa katika miaka yote ya matibabu ya akili, ingawa ni kipimo cha kawaida. Swali la ukoo liliulizwa kwa namna iliyotafuta "mwendawazimu" tu. Lingeuliza kuhusu moyo, kaakaa, kifafa, watoto waliofariki wachanga na ganzi, mama angekuwa na la kusema. Kushuka kwa uwezo wa lugha na masomo kuanzia mwanzo wa ujana kumeelezwa kwa watoto wenye upungufu huu wanaokuja kupata saikosisi. Kama upungufu ungejulikana K. akiwa na miaka 13, hakuna dawa ambayo ingezuia ugonjwa kwa hakika, ila pengine asingekaa wiki kadhaa akiamini simu za watu zinamsema kabla ya kufikishwa kwa daktari.

Je, kila mwenye skizofrenia apimwe mikroarei? Baadhi ya wataalamu wanasema ndiyo. Msimamo wangu ni wa chini kidogo: asikose yule mwenye hata moja kati ya haya pamoja na saikosisi: moyo uliozaliwa na kasoro, kaakaa lenye tatizo au sauti ya puani, shida ya kujifunza tangu utotoni, kifafa, au kalsiamu ya chini. Na jibu la zamani la "kromosomu kawaida" lisihesabiwe.

Sehemu isiyotulia ni ya mdogo wake. Kipimo kinachotabiri ugonjwa wa akili tu, usio na njia ya kuuzuia, mtoto asilazimishwe nacho. Lakini hiki hakitabiri akili pekee. Kinafichua kalsiamu, moyo na kinga, mambo yanayotibika leo. Timu ilitafuta njia ya kati: alipimwa kalsiamu na moyo bila kupima DNA, vyote vikawa vizuri, na kipimo cha jeni kikaachwa hadi atakapoamua mwenyewe. Ninaiheshimu njia hiyo, ila ina tundu. Kalsiamu kwa wenye upungufu huu inaweza kuwa sawa kwa miaka na ikashuka wakati wa ugonjwa mkali au upasuaji, na mtu asiyejua hali yake hataambiwa aangalie. Ndiyo maana kwenye kadi yake kumeandikwa kalsiamu ipimwe kila mwaka na kabla ya upasuaji wowote, bila kutaja sababu, kama alivyoomba.